Kisasili na Jukwaa Lake: Urithi wa Wayunani na Masimulizi ya Wairaqw na Wadatooga wa Mbulu na Hanang

Ikisiri

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili na mia nne visasili vya Wayunani wa kale vimeendelea kuzaa tamthilia, mashairi, michoro na muziki, na vimefika hata katika fasihi ya Kiswahili. Makala haya yanachunguza sababu za udumifu huo, kisha yanazitumia kuangalia hali ya visasili vya Wairaqw na Wadatooga wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Hoja kuu ni kwamba kisasili hakidumishwi na ukale wala uzuri wake pekee. Kinadumishwa na mambo matatu yanayotegemeana: jukwaa la kukitendea, uhuru wa kukisimulia upya, na mahali panapokikumbusha. Makala yanaonesha kwamba mambo hayo yote yamekuwapo Mbulu na Hanang, na kwamba kupungua kwake kuna sababu za kihistoria zinazoweza kutajwa. Aidha, makala yanabainisha tatizo la kiisimu linalojitokeza visasili hivyo vinapohamishiwa katika Kiswahili, hususan suala la jinsia ya kisarufi.

1.0 Utangulizi

Katika uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi uliofanywa na Mulokozi (1989), kisasili kimewekwa katika kundi la salua, pamoja na visakale, mapisi, tarihi na kumbukumbu. Kinachokitofautisha na ngano ni imani. Ngano husimuliwa kwa kujua kuwa ni ya kubuni, ilhali kisasili, kwa jamii yake, ni maelezo ya kweli kuhusu chanzo cha ulimwengu, mauti, mvua, ukoo na mamlaka. Maelezo haya yanakubalika kwa wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, mifano inayotumika kuyafafanua darasani mara nyingi hutoka mbali. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini Edipode alijipofua macho huenda asijue lolote kuhusu Neetlangw, ingawa chemchemi zinazosemwa kuwa makao yao zipo umbali wa kutembea kutoka shuleni kwake.

Hali hiyo haitokani na ubora wa visasili vya Kiyunani juu ya vingine, bali na historia ya sanaa. Visasili hivyo vilipata watu wa kuvitenda, kuviandika, kuvipinga na kuvichora, kizazi baada ya kizazi. Swali linalofaa kuulizwa, basi, ni hili: ni masharti gani yaliyoviwezesha kupita kutoka sanaa moja hadi nyingine, na masharti hayo yako katika hali gani miongoni mwa jamii za Mbulu na Hanang?

Wilaya hizi mbili zinafaa kwa uchunguzi wa aina hiyo. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi na Wadatooga, wakiwamo Wabarabaig, huzungumza lugha ya Kiniloti. Na Kiswahili, lugha ya Kibantu, ndicho kinachowaunganisha shuleni, sokoni na ofisini. Kwa hiyo kisasili kinachotaka kuingia katika sanaa ya maandishi huko hulazimika kuvuka mpaka wa familia za lugha. Uvukaji huo huacha alama.

2.0 Sababu za Udumifu wa Visasili vya Kiyunani

Sababu ya kwanza ni jukwaa. Katika karne ya 5 K.K. jiji la Athene lilikuwa na sikukuu ya Dioniso, ambapo watunzi walishindana mbele ya umma kwa tamthilia zilizojengwa juu ya visasili vilivyojulikana na wote. Hadhira haikuja kuujua mwisho wa kisa. Ilikuja kuona jinsi mtunzi wa mwaka huo atakavyoufikia. Aristotle, katika Poetics, anaeleza kuwa tanzia ilianzia kwa viongozi wa dithirambi, yaani wimbo wa ibada uliokuwa na kiongozi na kundi la waitikiaji. Anaongeza kuwa Aeschylus ndiye aliyeongeza idadi ya waigizaji kutoka mmoja hadi wawili, na Sophocles akaongeza wa tatu. Tamthilia hiyo, kwa maneno mengine, ilizaliwa kutokana na mjibizano.

Sababu ya pili ni uhuru wa kusimulia upya. Wayunani hawakuwa na msahafu mmoja wa visasili. Kisa cha Iphigenia, binti wa Agamemnon, ni mfano mzuri. Iliad ya Homer haisimulii kutolewa kwake kafara. Katika Agamemnon ya Aeschylus, iliyooneshwa mwaka 458 K.K., binti huyo anachinjwa ili pepo zigeuke na merikebu ziende Troya. Katika mapokeo aliyoyatumia Euripides, mungu wa kike Artemis anamwokoa dakika ya mwisho na kuweka paa mahali pake. Simulizi hizi zinapingana, na hakuna iliyoifuta nyingine. Pengo lililo kati yake ndilo lililowapa nafasi watunzi wa baadaye: Racine aliandika Iphigénie mwaka 1674, Gluck akatunga opera mwaka 1774, na wachoraji wa Italia wakaichora madhabahu hiyo hiyo kwa namna zao.

Sababu ya tatu ni mahali. Aulis, Thebes, Delphi na Krete ni majina ya mahali panapoweza kutembelewa. Hata imani ilipokwisha, mahali palibaki na kuendelea kudai maelezo.

Masharti haya matatu yanaeleza pia jinsi visasili hivyo vilivyoingia Afrika. Ola Rotimi aliihamishia hadithi ya Edipode katika mazingira ya Kiyoruba katika The Gods Are Not to Blame, iliyochapishwa mwaka 1971, naye Wole Soyinka akaiandika upya The Bacchae ya Euripides mwaka 1973. Kwa Kiswahili, Samuel Mushi alitafsiri tanzia ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode (1971). Miaka ishirini baadaye, Euphrase Kezilahabi aliipa riwaya yake jina Mzingile (1991), neno linalomkumbusha msomaji njia zenye kupotosha, na kwa hiyo lile jengo la Krete ambamo mtu aliingia asijue pa kutokea. Katika kazi hizi Wayunani hawakuigwa tu. Walifanywa sehemu ya swali ambalo mtunzi wa Kiafrika alikuwa analiuliza.

3.0 Looaa na Neetlangw: Tatizo la Jinsia katika Tafsiri

Kiini cha visasili vya Wairaqw ni uhusiano wa nguvu mbili. Looaa, ambaye jina lake linahusishwa na jua, ndiye muumba na mlinzi. Ni mwema, naye huombwa mvua, uzazi na amani. Neetlangw ni pepo wa ardhini na majini, wanaokaa katika chemchemi, mito na mabwawa. Huogopwa, na wanaweza kudhuru wanapokosewa. Thornton (1980) anaonesha kuwa Looaa hufikiriwa kuwa wa kike, na Neetlangw kuwa wa kiume.

Mpangilio huu ni kinyume cha ule wa Wayunani. Kwao, mbingu, Uranos, ni mume. Ardhi, Gaia, ni mke. Na mwenye radi na mvua ni Zeus, baba. Mchambuzi anayekwenda Mbulu na kiolezo cha Kiyunani mkononi, akitarajia kumkuta Baba wa mbinguni na Mama wa ardhini, atazisoma alama zote kichwa chini juu. Kwa Wairaqw, ulezi unatoka juu, kwenye mwanga, nao una sura ya mama. Hatari inatoka chini, kwenye maji, nayo ina sura ya kiume. Ulinganishaji wa visasili unafaa pale tu unapokubali kwamba kiolezo kinaweza kukosea.

Tatizo linazidi tafsiri inapoingia. Kiiraqw kina jinsia ya kisarufi, nayo hujitokeza katika nomino na vipashio vinavyoambatana nayo (Mous, 1993). Uke wa Looaa, kwa hiyo, si jambo la imani tu. Sarufi yenyewe huukumbusha katika sentensi. Kiswahili hakina jinsia ya aina hiyo. Ngeli ya A-WA humweka Mungu, mama, simba na mwizi katika upatanisho mmoja: ameumba, amelea, amekamata, amekimbia. Mara Looaa anapotafsiriwa kuwa “Mungu”, uke wake hutoweka pasipo mfasiri kuufuta kwa makusudi. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea lugha ya sala za Kikristo na Kiislamu, hujaza pengo hilo kwa sura anayoijua.

Mfasiri ana njia tatu. Anaweza kuliacha jina Looaa bila kulitafsiri na kulieleza mara moja. Anaweza kuongeza neno “Mama” pale ambapo sarufi ya Kiiraqw ilitosha, na hapo atakuwa ameweka mkazo ambao haukuwapo. Au anaweza kutumia “Mungu” na kuikubali hasara. Njia ya kwanza ndiyo yenye gharama ndogo. Kiswahili kimekwisha kuwapokea Zeus na Apolo kwa majina yao; hakuna sababu ya kisarufi wala ya kifasihi inayokizuia kumpokea Looaa kwa jina lake. Hoja hiyo inamhusu pia Aseeta wa Wadatooga, ambaye jina lake lina undugu na Asis wa Wakalenjin wa Kenya na ambaye, kama Looaa, ana uhusiano na jua. Majirani wawili wa familia tofauti za lugha wameliweka jua mahali pamoja katika visasili vyao. Tafsiri inayowaita wote wawili “Mungu” huuficha ukweli huo wenye thamani kwa historia ya utamaduni.

4.0 Slufay: Jukwaa la Wairaqw

Jukwaa la Wairaqw kwa visasili vyao ni slufay. Huu ni utanzu wa ushairi wa dua unaotolewa katika mikutano ya wazee na shughuli za jamii. Mzee mwenye ufasaha huongoza kwa mistari mifupi, nao waliohudhuria huitikia pamoja. Ndani yake huombwa mvua, rutuba, watoto na mifugo; maradhi, uchawi na uadui huombwa viende mbali. Looaa na Neetlangw hutajwa si kama wahusika wa hadithi ya zamani, bali kama nguvu zinazosikia sasa.

Sifa tatu za slufay zinahusiana moja kwa moja na mada hii. Kwanza, ni mjibizano. Kiongozi hawezi kuendelea bila kundi, na uzito wa dua hutokana na kuitikiwa. Huu ndio muundo ambao Aristotle aliuona kuwa mbegu ya tanzia. Pili, slufay ina sehemu zinazojulikana na sehemu zinazobuniwa: kuna taswira zinazotarajiwa na hadhira, lakini kila fanani huzipanga kulingana na tukio, mwaka na hali ya mvua. Tatu, haisimulii kisasili kizima. Hugusa jina, mahali au tendo, na hadhira huijaza hadithi. Katika hilo inafanana na viitikio vya Aeschylus, vinavyodokeza visa bila kuvieleza kwa sababu watazamaji wanavijua.

Sifa hiyo ya tatu ndiyo nguvu ya utanzu huo, na ndiyo udhaifu wake pia. Dokezo huishi maadamu hadhira inajua kinachodokezwa. Kijana aliyekulia Babati au Arusha anaweza kuielewa lugha ya slufay asielewe kwa nini chemchemi fulani imetajwa. Athene ilikabiliwa na tatizo hilo hilo, na suluhisho lililopatikana baadaye lilikuwa maandishi ya aina mbili: matini zenyewe, na maelezo ya wanazuoni pembeni mwa matini. Pasipo maelezo hayo, sehemu kubwa ya viitikio vya tanzia za Kiyunani isingesomeka leo. Kurekodi slufay bila kurekodi maelezo ya wazee kuhusu kila dokezo ni kuhifadhi nusu tu ya kazi.

5.0 Haymu Tipe na Agamemnon: Baba, Mtoto na Vita

Miongoni mwa masimulizi ya Wairaqw kuhusu asili yao, lenye uwezo mkubwa wa kitamthilia ni lile la Haymu Tipe. Masimulizi hutofautiana, lakini kiini chake kinajulikana. Watu walikuwa wakiishi Ma'angwatay chini ya uongozi wa Haymu Tipe. Vijana wenye kiu ya vita waliasi, wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, na kumpa baba sharti: alete adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto atauawa. Haymu Tipe aliwaita Wadatooga. Mapigano yakafuata na Wairaqw wakashindwa vibaya. Haymu Tipe na familia yake walikimbia usiku pamoja na watu wachache, na safari yao ikapita Guser-Twalay. Hatimaye kizazi chao kilifika Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Mbulu zinazohesabiwa kuwa kitovu cha Wairaqw.

Ulinganisho na Agamemnon unajitokeza wenyewe. Viongozi wote wawili wanawekwa kati ya mtoto na vita, huku jeshi likitaka kupigana. Lakini uchaguzi wao ni kinyume. Agamemnon anamtoa binti yake ili vita viwezekane. Haymu Tipe analeta vita ili mwanawe aishi. Agamemnon anashinda ugenini na kuuawa nyumbani. Haymu Tipe anashindwa nyumbani, na katika kukimbia kwake taifa jipya linapata chanzo. Wayunani walimfanya baba aliyemtoa mwanawe kuwa swali kuhusu mamlaka na haki. Simulizi la Wairaqw linauliza swali zito vilevile: je, kiongozi ana haki ya kuwatoa watu wake wote kwa ajili ya mtoto mmoja? Na je, vijana waliotaka adui wana haki ya kulalamika walipompata?

Swali hilo halijajibiwa na simulizi lenyewe, na hapo ndipo ilipo thamani yake kwa sanaa za baadaye. Haymu Tipe anaweza kuchorwa kama msaliti, baba mwema, au mtu aliyewapa wakaidi walichokiomba. Wadatooga, wanaoingia kama adui aliyealikwa, wana upande wao wa kusimulia. Gemakw, ambaye uhai wake umelipiwa kwa maisha ya wengi, anaweza kupewa sauti ambayo simulizi halikumpa. Hivi ndivyo Euripides alivyofanya kwa Iphigenia: alimpa mateka maneno.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonesha kuwa njia hii inapitika. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alichukua masimulizi kuhusu mtu aliyeingia majini, akakutana na pepo Hongo na kurudi na maji ya vita vya 1905–1907, akayageuza kuwa mjadala kuhusu imani inayomponyoka aliyeianzisha. Hakuthibitisha wala hakukanusha kisasili, alikitumia kuuliza. Kwenye pwani, Muhamadi Kijumwa alimpa Fumo Liyongo umbo la utenzi, na tangu hapo shujaa anayeuawa na mwanawe mwenyewe amekuwa mali ya wasomaji wa Kiswahili wa kila kabila. Kisa cha Haymu Tipe kina mgogoro unaolingana na hivyo viwili, lakini hakimo katika orodha ya tamthilia zinazosomwa shuleni. Mkusanyo wa Wada wa hadithi za mapokeo ya Wairaqw, pamoja na matini zilizohaririwa na Berger na Kiessling (1998), unatoa malighafi ya kuanzia. Kinachosubiriwa ni mtunzi.

6.0 Bung'eed: Mahali Panapopotea

Kwa Wadatooga, sharti la mahali linaonekana vizuri zaidi katika bung'eed, mazishi ya heshima anayofanyiwa mzee aliyestahili. Klima (1970) anaeleza jinsi kilima cha kaburi kinavyojengwa kwa hatua, kwa muda wa miezi, na jinsi sherehe ya mwisho inavyowakutanisha watu wa koo nyingi. Shughuli hiyo huimbwa. Marehemu huingia katika kundi la mababu wanaoweza kuombwa, na kaburi lenyewe hubaki katika nchi kama ushahidi na mahali pa kurudi. Kwa istilahi ya sanaa, bung'eed ni tamthilia, wimbo na jengo kwa pamoja. Si wanaume tu waliomo katika ulimwengu huo wa ibada: wanawake wa Kibarabaig wana baraza lao lenye mamlaka ya kuwaadhibu wanaume wanaowakosea, na nyimbo zao za dua humhusisha Udameselgwa, nguvu ya kiungu ya kike.

Mahali hapo paliguswa na historia ya karibuni. Katika miaka ya 1970 na 1980, mradi wa ngano uliofadhiliwa na Kanada na kuendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, ulitwaa takribani ekari 100,000 za malisho katika nyanda za Hanang. Lane (1996) ameeleza jinsi Wabarabaig walivyopoteza malisho bora na jinsi makaburi yao, yakiwamo ya bung'eed, yalivyolimwa na matrekta. Mjadala kuhusu mradi huo umekuwa zaidi wa kisheria na kiuchumi. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, hasara yake ni ya aina nyingine: kaburi likilimwa, wimbo unaolihusu hukosa mahali pa kuimbiwa, na jina lililotunzwa na wimbo huo hukosa sababu ya kutajwa. Wayunani walipoteza mahekalu yao pia, lakini baada ya maneno kuandikwa. Kwa Wabarabaig, trekta lilifika kabla ya kalamu.

Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ungali unasimama juu ya nyanda hizo. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya miteremko yake iliporomoka, ikashusha matope na mawe hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua makumi ya watu. Mtunzi wa Kiswahili atakayeandika kuhusu siku hiyo ana lugha zaidi ya moja ya kuchagua. Ana lugha ya taarifa ya habari, ana lugha ya sala, na ana lugha ya visasili, ambamo maji na ardhi vina wenyewe na binadamu anatakiwa kuishi navyo kwa adabu. Lugha hii ya tatu haishindani na maelezo ya wanajiolojia. Huyapa maombolezo umbo, kama tanzia ilivyowapa Waathene umbo la kuombolezea vita vyao. Lakini itapatikana tu kwa mtunzi aliyerithishwa.

7.0 Hitimisho

Udumifu wa visasili vya Kiyunani haukuwa bahati wala hukumu ya ubora. Ulitokana na jukwaa lililowakutanisha watu, uhuru wa kusimulia kwa kupingana, na mahali palipobaki na majina yake. Maandishi yakaja kuyakamata hayo yote yakiwa bado hai. Mbulu na Hanang zina slufay na bung'eed kwa majukwaa, zina visakale vyenye maswali yasiyojibiwa, na zina chemchemi, makaburi na mlima. Udhaifu uko katika kiungo cha nne, yaani kukamata kwa maandishi na sauti kabla wanaojua madokezo hawajaondoka.

Mambo matatu ya kiutendaji yanafuata kutokana na mjadala huu. Watafiti wanaorekodi slufay na nyimbo za bung'eed wanapaswa kurekodi pia maelezo ya madokezo, pamoja na mahali yanapohusiana napo. Wafasiri wanapaswa kuyaacha majina Looaa, Neetlangw na Aseeta yasimame katika Kiswahili, kwa kuwa neno la jumla linafuta jinsia na historia iliyomo. Na walimu wa fasihi wanaofundisha Mfalme Edipode wangefaidika kumweka Haymu Tipe kando yake. Wanafunzi wao wataelewa vizuri zaidi kisasili ni nini watakapoona baba wawili, mmoja wa Aulis na mwingine wa Ma'angwatay, wakisimama mbele ya sharti moja na kujibu kwa namna mbili.